Michael Wood: daktari aliyemfikia mgonjwa kwa ndege na simu ya upepo

Tangu tuanze kuzungumzia kisukari katika kipindi chetu cha afya, ujumbe unaoongoza kwa wingi si ule unaouliza dalili wala chakula. Ni ule unaouliza nauli. Mama mmoja wa huku kwetu Kitanga alituandikia kwamba kila mwezi anapanda bodaboda hadi Kasulu mjini, anakaa foleni, anachomwa kidole, anaambiwa sukari iko vizuri, anapewa dawa zilezile na kugeuza. Siku nzima imekwisha, na hela ya chumvi na sabuni imekwisha nayo. Alitaka kujua kwa nini muuguzi wa zahanati asimpime palepale kijijini, ampigie daktari simu, amtajie namba aliyoiona kwenye mashine, na daktari aseme aendelee na dozi au abadilishe.

Siku hizi jambo hilo lina jina. Linaitwa tiba mtandao, na wizara ya afya inalizungumza sana. Lakini swali lenyewe ni la zamani. Kabla ya simu za mkononi, kabla hata bendera ya Tanganyika haijapandishwa, alikuwapo daktari wa upasuaji aliyesumbuliwa nalo usiku na mchana: mgonjwa yuko mbali, mtaalamu yuko mjini, barabara haipitiki, tufanyeje? Jina lake Michael Wood. Leo nawasimulia maisha yake.

Wood alizaliwa Uingereza karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, akasomea udaktari London. Alianza kazi wakati mbaya. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeshika kasi, ndege za Wajerumani zilikuwa zinaangusha mabomu juu ya jiji la London usiku baada ya usiku, na madaktari vijana walijifunza upasuaji kwa watu waliofukuliwa kwenye vifusi. Yeye mwenyewe hakuwa mzima wa afya. Alikuwa na pumu, na baridi na ukungu wa Uingereza vilimkaba kifua. Ndiyo sababu kubwa iliyomfanya, vita vilipokwisha, kuhamia Kenya na familia yake katika miaka ya mwisho ya 1940. Mara nyingi tunasikia Wazungu walikuja Afrika kutafuta ardhi, dhahabu au roho za watu. Huyu alikuja kutafuta pumzi.

Mkewe, Susan, alikuwa na historia ya karibu zaidi na huku kwetu. Alizaliwa Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji wakati huo, kwa wazazi wamisionari. Kwa hiyo katika nyumba ile, mwenye Afrika ya kuzaliwa alikuwa mama.

Nairobi, Wood akawa daktari wa upasuaji mwenye kazi nyingi. Angeweza kukaa pale, kutibu wenye fedha na kustaafu kwa amani. Kilichomharibia amani hiyo ni aina ya wagonjwa walioletwa kutoka mbali. Mtoto alianguka kwenye moto wa mafiga, akaungua mkono. Kidonda kimepona chenyewe, lakini ngozi imejivuta, vidole vimegandamana na kiganja, na mkono haushiki tena jembe wala kalamu. Mtu wa kifafa aliungua uso miaka mitatu nyuma. Mwanamume alivunjika mguu, mfupa ukaungana ukiwa umepinda. Kila mmoja, kama angefikiwa na mtaalamu katika wiki za kwanza, kazi ingekuwa ndogo. Kwa kuchelewa, ilikuwa kazi ya miezi, na wakati mwingine haikuwezekana tena.

Hesabu ambayo shirika lake limekuwa likiitoa kuhusu miaka ile ni hii: Afrika Mashariki kulikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 30,000, wakati Uingereza daktari mmoja alihudumia watu 1,000. Na hao madaktari wachache wa kwetu wengi walikaa mijini.

Katika miaka ya 1950 Wood alirudi Uingereza kuongeza ujuzi kwa Archibald McIndoe, bingwa kutoka New Zealand aliyejulikana dunia nzima kwa kutengeneza upya nyuso na mikono ya marubani walioungua vitani. Hospitali yake ilikuwa mji mdogo wa East Grinstead. Upasuaji huo wa kurekebisha maumbile, wa kuhamisha ngozi nzuri na kuipandikiza penye kovu, ndio hasa uliokuwa unahitajika kwa watoto wa mafiga. McIndoe naye alikuwa na shamba upande wa Kilimanjaro, na Wood na Susan pia wakawa na shamba lao Ol Molog, magharibi ya mlima. Wa tatu alikuwa Tom Rees, Mmarekani wa New York, naye mwanafunzi wa McIndoe.

Madaktari hao watatu walikutana chini ya Kilimanjaro, ndani ya nchi yetu, wakapanga mpango ambao mwaka 1957 ulizaa shirika ambalo wengi tunalijua kwa jina la AMREF. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza. Badala ya mgonjwa kubebwa kwenye machela siku tatu kumfuata daktari, daktari apande ndege ndogo amfuate mgonjwa.

Wood akajifunza kurusha ndege. Alikuwa anatoka shambani Tanganyika asubuhi, anafanya upasuaji Nairobi, au anaruka hadi hospitali ya misheni ambako wauguzi walikuwa wamekwisha kusanya wagonjwa wanaomsubiri. Walioungua, wenye midomo ya kupasuka tangu kuzaliwa, wenye uvimbe, walipangwa foleni. Anapasua mchana kutwa, kesho yake anaondoka, na kazi ya kubadilisha bendeji na kuchunga vidonda inabaki kwa muuguzi wa pale. Watu wakawaita madaktari wanaoruka, na jina hilo likashika.

Picha za magazeti zilipenda ndege. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa redio, napenda kitu kingine kilichokuwa kimekaa juu ya meza kwenye chumba cha muuguzi.

Ndege bila mawasiliano ni kama gari bila usukani. Nani atamwambia rubani kuna mama anatokwa damu Loliondo? Barua ingefika baada ya mazishi. Simu za waya ziliishia mijini. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1960 shirika likaanza kujenga mtandao wa redio za mawasiliano, zile ambazo wazee wetu waliziita simu ya upepo. Kituo kikuu kilikuwa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na vituo vingine vikawa katika hospitali na zahanati za mbali Kenya, Tanzania na kwingineko. Mwishowe vilizidi mia moja.

Wenye umri wa kukumbuka masafa mafupi wataelewa ilivyofanya kazi. Ni mawimbi yaleyale yaliyotuletea BBC na Sauti ya Ujerumani tukiwa tumekaa uani jioni. Mawimbi hayo hupaa hadi tabaka la juu la anga, yanagonga na kurudi chini, kama mpira unaodunda darini, na ndiyo maana yanavuka milima na kufika mamia ya kilomita bila mnara hata mmoja katikati. Unachohitaji ni mashine, betri ya gari, na waya mrefu uliotandazwa kati ya miti miwili. Anazungumza mmoja tu kwa wakati. Ukimaliza unaachia kitufe, mwenzako anabonyeza cha kwake. Mvua ya radi ikikaribia, sauti inakwaruza kama mahindi kwenye kikaango.

Wood hakuigundua njia hii. Waaustralia walitangulia. Mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya daktari wa ndege mwaka 1928, na fundi Alfred Traeger akawatengenezea wafugaji wa nyikani redio inayotoa umeme kwa kukanyaga pedali, kama cherehani. Baadaye kila shamba likapewa sanduku la dawa zenye namba. Daktari kwenye redio hakuhitaji kutaja majina magumu ya dawa. Anauliza dalili, anafikiri, anasema mpe namba fulani. Napenda sana akili hiyo. Leo tunapoambiwa huduma ya afya kwa njia ya mbali ni jambo jipya lililoletwa na simu janja, mimi nakumbuka lile sanduku.

Huku kwetu redio ilimsaidia daktari kwa namna tatu. Ya kwanza ndiyo ya dharura, kuita ndege. Ya pili, na ilikuwa ya mara kwa mara zaidi, ni ushauri. Muuguzi anaeleza mapigo ya moyo, joto, mkojo, mgonjwa amelala namna gani, na daktari wa Nairobi anaamua kama ndege iende au mgonjwa anaweza kutibiwa palepale kwa dawa zilizopo. Safari ya ndege ni ghali, ushauri haukuchoma mafuta. Ya tatu haikupangwa na mtu. Kwa kuwa kila mwenye mashine alisikia mazungumzo ya wote, muuguzi wa kituo kimoja alijifunza kwa kusikiliza matatizo ya kituo kingine. Ubaya wake ni kwamba siri ya mgonjwa haikuwapo kabisa. Leo tukilalamika kuhusu taarifa za wagonjwa kuzagaa kwenye makundi ya simu, tujue ugonjwa huo ulianza zamani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanaomsifu Wood hulipitia haraka. Yeye na Susan walikuwa watu wa siasa pia. Walijiunga na chama kilichoitwa Capricorn, kilichoanzishwa mwaka 1949 na David Stirling huko Rhodesia ya Kusini. Chama kilipinga ubaguzi wa rangi, na kwa walowezi wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kutukanwa. Lakini kilitaka kura zitolewe kwa vipimo vya elimu, mali na kadhalika, wengine wapate kura nyingi kuliko wenzao. TANU ilikataa katakata, na ilikuwa na haki kukataa. Mkulima wa Buha hakuhitaji cheti ndipo ahesabiwe mtu mzima. Wood aliona mbali kuhusu hospitali, kuhusu kura hakuona mbali vya kutosha. Hata hivyo Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, na Kenya miaka miwili baadaye, walowezi wengi walifungasha. Yeye alibaki, akaendelea na kazi chini ya serikali mpya.

Katika miaka ya 1960 alijiunga nao Anne Spoerry, Mfaransa aliyejifunza urubani akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, akahudumia Lamu na kaskazini mwa Kenya mpaka watu wakamwita Mama Daktari. Maisha yake ni simulizi lingine, na lina sehemu za giza. Tutalifikia siku nyingine.

Jambo kubwa kwa Wood, kwa maoni yangu, si ndege wala redio. Ni kwamba alikubali kazi yake mwenyewe haitoshi. Kadiri miaka ilivyokwenda aliona wazi kwamba daktari anayeshuka kutoka angani anaweza kupasua watu kumi, na akiondoka wengine mia wameugua kuhara, malaria na surua. Tanzania nayo, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa inajenga zahanati vijijini na kuzijaza waganga wasaidizi waliosoma miaka michache tu. Hao ndio walioachwa peke yao na mgonjwa saa nane za usiku. Katika miaka ya 1970 AMREF ikageuza uso kuelekea kwao: mafunzo, vitabu vya tiba vilivyoandikwa kwa ajili ya mtumishi wa kijijini, kampeni za chanjo na maji safi, na baadaye masomo ya mbali, ambayo mtumishi wa afya aliyasoma akiwa kituoni kwake.

Ni hapa ndipo simulizi lake linapokutana na yule mama wa Kitanga.

Fikiria ugonjwa wa kisukari. Mgonjwa wa kisukari hahitaji ndege. Dawa yenyewe ipo tangu Januari 1922, insulini ilipochomwa kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14 hospitalini Toronto, Canada. Shida ya kisukari ni kwamba hakiishi. Kidonda cha moto unakitibu, kinafunga, kwisha. Sukari leo iko 6, kesho 14, keshokutwa mgonjwa hajala kwa sababu ya msiba, amechoma sindano ileile, sukari inashuka chini ya 4, anatetemeka, jasho linamtoka, anaanguka. Kinachomwokoa mtu wa namna hii si bingwa anayetua mara moja kwa mwezi. Ni mtu wa karibu anayejua kupima, na mtu wa mbali anayeweza kuulizwa mara kwa mara. Yaani muuguzi wa zahanati na sauti ya daktari hewani. Mpango wa Wood wa miaka ya 1960 unakifaa kisukari kuliko ulivyomfaa aliyevunjika mguu, ingawa hakuujenga kwa ajili hiyo.

Leo chombo kipo mfukoni. Muuguzi anaweza kutuma namba za wiki nzima kwa ujumbe mfupi. Anaweza kupiga picha ya kidonda cha unyayo na kuituma kwa daktari wa wilaya kabla hakijafika kwenye mfupa, na kwa mgonjwa wa kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, hiyo picha moja inaweza kuwa tofauti kati ya bendeji na kukatwa mguu. Yapo yasiyowezekana kwa simu. Macho lazima yaangaliwe kwa macho, figo zinahitaji kipimo cha maabara. Na sukari ya kufunga ikifika 7 au zaidi kwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana kisukari, huyo aende kituoni apimwe upya, asitibiwe kwa kubahatisha kwenye simu. Wala mtu asijipunguzie insulini kwa sababu jirani amesema.

Wengi mnauliza pia kuhusu kutunza insulini nyumbani bila friji. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, tunalolijua kwa kazi yake kwenye kambi za Nduta na Nyarugusu, lilifanya utafiti katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, ukachapishwa mwaka 2021. Walipima joto linavyopanda na kushuka nyumbani kule, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini katika joto la namna hiyo kwa wiki nne. Nguvu yake haikutofautiana na ile iliyokaa kwenye ubaridi. Hiyo ina maana chupa unayoitumia inaweza kukaa nyumbani, kwenye chungu chenye ubaridi na mbali na jua, kwa muda huo. Akiba ambayo haijafunguliwa ibaki kwenye friji ya kituo, na kabla ya kubadilisha utaratibu wako zungumza na anayekupa dawa.

Turudi kwa Wood, amalizie safari yake. Familia ilihamia Karen, Nairobi, ambako mwaka 1975 Susan alianza na kina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, wakafinyanga shanga za udongo kwenye kibanda. Kikawa kiwanda cha Kazuri, ambacho shanga zake zinauzwa nchi nyingi mpaka leo. Mumewe aliongoza AMREF hadi mwaka 1985. Malkia wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Mtu mwingine angepumzika. Yeye mwaka uleule alishiriki kuanzisha shirika lingine, FARM-Africa, la kuwasaidia wakulima na wafugaji wadogo, kwa kuwa njaa ya Ethiopia ilikuwa imemwonyesha kwamba tumbo tupu halitibiki kwa dawa. Alifariki mwaka 1987.

Ndege bado zinaruka kutoka Wilson. Zile redio za mezani zilinyamaza moja baada ya nyingine minara ya simu ilipoenea, na kwenye hospitali kadhaa waya bado unaning'inia kati ya miti.

Alhamisi saa moja jioni tutakuwa na mganga mfawidhi studio, na swali la kwanza nitakalomuuliza ni la yule mama: kama zahanati ina mashine ya kupimia sukari na vipimo havijaisha, nani anamzuia muuguzi kupiga simu, na vocha analipa nani? Kama una jingine, tuma ujumbe kabla ya siku hiyo, utaje kijiji chako.